Mtu akitembea taratibu kwenye picha tunashika roho, magari yakilipuka tunachati. Kwanini?

Zabibu Chungu · #1
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja.

Jumamosi nilikuwa kibanda umiza kimoja cha Chang'ombe, hapa hapa Dodoma. Nilienda kusubiri mechi, nikakuta bado kama saa mbili na ushee, mwenye banda kaweka muvi za kusogezea muda. Ya kwanza mpya kabisa: helikopta, magari yanapaa, jamaa anaangusha ghorofa zima. Nikageuka nyuma kuangalia watu. Robo tatu wako kwenye simu. Mmoja kalala mdomo wazi. Muuza karanga anazunguka anauza vizuri tu.

Ya pili mkanda wa zamani, hauna hata rangi, na niliukuta umeshaanza maana nilitoka kununua maji. Jamaa anatembea kwenye korido. Anatembea tu. Mwisho wa korido kuna mlango umeachwa wazi kidogo, upana wa vidole viwili hivi. Kamera iko nyuma ya kisogo chake inamfuata. Hakuna muziki, ni viatu tu. Wakuu, banda zima likanyamaza. Muuza karanga kasimama na sinia lake, mteja kamnyooshea jero, haipokelewi. Mzee wa pembeni yangu anasema chini chini, "Usiende. We mtoto, usiende."

Gharama ya ile korido haifiki tairi moja la yale magari ya muvi ya kwanza. Sasa mwongozaji katumia nini? Mimi nadai hivi: kinachotushika si matukio, ni kunyimwa matukio. Nipingeni.

Mtoto wa Majengo · #2
Nimevuta kigoda. Ila kabla hatujafika mbali, nyuma ya mlango kulikuwa na nini?

Mwalimu wa Zamu · #3
Mleta mada umeuliza vizuri ila umejibu kinyume. Hatushikwi kwa kunyimwa, tunashikwa kwa kupewa.

Mwongozaji Alfred Hitchcock alilieleza hili kwa mwongozaji mwenzake, Mfaransa François Truffaut, walipokaa kuzungumza mwaka 1962. Watu wako mezani wanapiga soga, chini ya meza kuna bomu. Kama mtazamaji hajui, likilipuka anashtuka sekunde 15, basi. Lakini ukimwonyesha mapema bomu linavyotegwa, na saa iko ukutani anaiona, soga ile ile ya kijinga inakuwa dakika 15 za mateso. Anataka kupiga kelele: acheni maneno, angalieni chini ya meza! Mshtuko unahitaji mtazamaji asijue. Taharuki inahitaji ajue, tena ajue kuliko aliye ndani ya picha.

Huyo mzee wa "usiende" alikuwa anajua kitu. Mtu hamkatazi mwenzake kwenda mahali asipopahofia.

Kiti cha Mbele · #4
Mwalimu hapo nakukatalia. Alikuwa anajua nini? Mleta uzi kasema watu walikuwa kwenye simu, muvi imewekwa ya kusogezea muda, nani alifuatilia mwanzo? Hakuna aliyeona bomu likitegwa. Hakuna saa ukutani. Kuna korido na mgongo wa mtu.

Mimi nasema siri iko kwenye kisogo. Kamera ikikaa nyuma ya mtu huoni uso wake, hujui kama anaogopa au anawaza deni la duka. Basi hofu unaitoa mfukoni mwako unamvisha. Kuna Mrusi, Lev Kuleshov, alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mkavu usiosema kitu, akauweka baada ya bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Watazamaji wakasifia: jamaa anajua kuonyesha njaa, anajua huzuni, anajua tamaa. Uso ni ule ule! Sasa kama uso mkavu unajazwa hivyo, kisogo je?

Mwalimu wa Zamu · #5
Mlango ulioachwa wazi vidole viwili ndilo bomu. Nani kauacha wazi?

Ubuyu wa Jioni · #6
Kwa Mwalimu kila kitu ni bomu. Juzi kwenye uzi wa bei ya mahindi pia ulileta bomu 😂

Fundi Mwanga · #7
Nyote mnazungumzia kichwa cha mtazamaji. Niwalete kwenye kamera kidogo maana ndiyo inayonilisha. Napiga harusi na sendofu hapa mjini, na filamu fupi nikipata watu wa kujitolea.

Mwaka juzi tulikuwa mashamba ya zabibu upande wa Mpunguzi. Kijana anakimbizwa na mwenye shamba. Nikasimama mbali mbele yake, nikatumia lenzi ndefu ya kuvuta. Yule kijana kakimbia mpaka anatema mate mazito, nikicheza kwenye kioo naona mtu anakimbia palepale, kama yuko kwenye ile mashine ya mazoezi. Lenzi ndefu inabana umbali; anakuja kwako lakini hakui. Kuna wanaofanya hivyo makusudi. Kwenye The Graduate ya 1967 Dustin Hoffman anakimbia kuwahi kanisani, kapigwa kwa lenzi ndefu, anakimbia na hafiki, na wewe unayeangalia miguu inakuuma. Mimi sikukusudia. Mimi nilikosea tu.

Nikahama. Nikaingia upande wa pili wa mstari wa mizabibu, lenzi pana, yeye anakimbia sambamba na mimi, katikati yetu zile nguzo zinazoshikilia nyaya. Nguzo zinakatiza mbele ya lenzi fya, fya, fya. Wakuu, kijana keshachoka, anakimbia polepole kuliko mwanzo, lakini kwenye kioo anaruka kama swala. Mwendo haukuwa wa miguu yake, ulikuwa wa nguzo.

Kisha nikaharibu tena. Shoti ya anayekimbizwa anaelekea kulia. Shoti ya mwenye shamba nikaipiga nimevuka upande mwingine, akawa anaelekea kushoto. Siku ya kuonyesha pale Ipagala, mama mmoja akauliza kwa sauti, "Hawa wanakwenda kukumbatiana?" Watu wakacheka mpaka mwisho. Nilikuwa nimetumia siku mbili juani kutengeneza kichekesho.

Kwa hiyo korido ya mleta uzi naielewa hivi: jamaa yuko katikati ya fremu na ukubwa wake haubadiliki kwa sababu kamera inamfuata. Kuta zinapita pembeni. Kitu pekee kinachokua ni mlango. Ukiangalia vizuri, mtu hatembei. Mlango ndio unaomjia.

Bi Mdogo wa Ipagala · #8
Fundi hiyo sentensi ya mwisho imenisisimua saa nne asubuhi niko ofisini. Kumbe ile filamu ya wanaokwenda kukumbatiana ni yako! Nilikuwepo. Pole kaka.

Mtoto wa Majengo · #9
Sawa, mlango unamjia. Nyuma yake kuna nini? Mleta uzi uko wapi?

Babu Kongwa · #10
Vijana hamjambo. Naona mnataja Wazungu tu. Sisi taharuki tulifundishwa na Mhindi.

Sholay, mwaka 1973. Mimi kijana, nimekuja Dodoma mjini juu ya lori la karanga, nina shilingi zangu za kuhesabu, nikaingia sinema. Kihindi sijui hata neno. Gabbar Singh, mkuu wa majambazi, anatokea mara ya kwanza, na kwanza humwoni. Unaona viatu vinatembea juu ya mwamba, vinakwenda, vinarudi. Mkanda kaushika mkononi, ncha yake inaburuzika kwenye jiwe, kra, kra, kra. Wale watu wake watatu waliotumwa wakashindwa wamesimama chini. Hajawagusa. Anatembea tu juu ya jiwe na kuwauliza adui walikuwa wangapi.

Bastola ina risasi sita. Akapiga nne hewani, akazungusha ile tumba. Akamwelekezea wa kwanza kichwani: ka! Hakuna. Wa pili: ka! Wa tatu: ka! Wote wazima. Akaanza kucheka. Wakacheka na wao. Genge zima likacheka, na sisi ukumbini tukacheka, nakumbuka nilimpiga jirani begani kwa furaha. Tuko katikati ya kicheko akageuka akawaua wote watatu.

Sijawahi kusahau ule mkono wangu ukiwa bado juu ya bega la mtu nisiyemjua. Yale mawe yalikuwa kama ya Mlimwa kabisa. Wiki nzima nikipita chini ya mlima naangalia juu.

Jiwe la Mlimwa · #11
Shikamoo babu. Simulizi tamu, ila marekebisho mawili. Sholay ya Ramesh Sippy ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, siku ya uhuru wa India. Na risasi alipiga tatu hewani, zikabaki tatu kwa watu watatu. Hesabu ndiyo inayoleta joto. Zingebaki mbili mmoja angepona kwa hesabu tu. Yale mawe yako Ramanagara, karibu na Bangalore.

Babu Kongwa · #12
Marahaba mjukuu. Tatu au nne, waliokufa ni wale wale.

Kiti cha Mbele · #13
Babu kamaliza. Na oneni: hiyo inavunja bomu la Mwalimu. Watazamaji hawakujua kitakachotokea. Walidanganywa wakidhani imeisha.

Mwalimu wa Zamu · #14
Haivunji kitu. Risasi tatu zilizobaki tulizihesabu mbele ya macho yetu. Zilikuwa bado ndani ya bastola wakati watu wanacheka. Bomu liko chini ya meza, tumelisahau kwa sekunde chache kwa sababu tulitaka kulisahau.

Ubuyu wa Jioni · #15
BOMU LIMERUDI 😂😂

Mpenda Kanda · #16
Mnaongea kana kwamba kibandani watu wanaangalia muvi. Kibandani watu wanamsikiliza DJ, yule anayetafsiri na kusimulia muvi. Mlio wadogo hamkumbuki kanda za Lufufu. Picha ya Kichina au ya Kimarekani, lakini taharuki yote iko kooni kwa Lufufu. Steringi anaingia kwenye nyumba, Lufufu anashusha sauti: huyu kijana hajui kwamba adui yuko juu ya dari. Hapo hata dari hujaionyeshwa! Yeye kaangalia mkanda mzima kabla yako, anakupa siri mapema.

Nilikuwa nachukia hilo zamani, naona anaharibu uhondo. Sasa nikisoma bandiko namba 3 naona Lufufu alikuwa anatega bomu la Mwalimu pale ambapo mwongozaji hakulitega.

Mleta uzi, ule mkanda ulikuwa na DJ?

Zabibu Chungu · #17
Nipo wakuu, nilikuwa shamba, mtandao wa huku unapatikana ukipanda kichuguu. DJ alikuwepo ila kwenye korido alinyamaza. Hilo ndilo lililonishangaza. Mtu anayelipwa kuongea akanyamaza. Mlango nakuja nao, subirini.

Mtoto wa Majengo · #18
"Mlango nakuja nao." Huyu anatufanyia makusudi.

Bi Mdogo wa Ipagala · #19
Nimefanya jaribio jana usiku. Nimechukua ile sehemu ya bafuni ya Psycho, picha ya Hitchcock, nikaangalia kwa sauti, kisha nikazima sauti kabisa nikaangalia tena. Bila sauti nimeona pazia, maji, kisu, mkono, mguu. Nikawa nahesabu mikato, nikapoteza hesabu karibu na thelathini, nikarudia. Sikuogopa hata chembe. Niliporudisha sauti, vile vinanda vinapiga kelele kama ndege anayenyongwa, nikawasha taa ya sebuleni.

Kwa hiyo lenzi na nguzo sawa, lakini mimi nasema ni masikio. Macho unaweza kuyafumba. Masikio utayafumbaje na huku umeshika karanga?

Jiwe la Mlimwa · #20
Dada umegusa penyewe. Hitchcock mwenyewe alitaka sehemu ile isiwe na muziki. Bernard Herrmann akauandika hata hivyo, kwa vinanda vya nyuzi tu, na Hitchcock alipousikia akabadili mawazo. Picha ni ya 1960. Kule kuchomwa kisu kwenyewe hakufiki dakika moja, na sehemu ile ilichukua siku saba kupigwa. Damu ile ni shira ya chokoleti, maana picha haina rangi.

Na papa wa Jaws, 1975, mwaka ule ule wa Sholay ya babu. Papa wa mashine alikuwa anaharibika kila akiguswa na maji ya chumvi. Mwongozaji Spielberg, kijana wa miaka ishirini na kitu, hana papa, ana bahari na ratiba imepita. Akaamua kumficha. Kamera ikawa ndiyo papa: iko chini ya maji, inatambaa kuelekea miguu ya waogeleaji, na John Williams kaweka noti mbili tu, du-du, du-du, zinaongeza kasi. Papa mzima unamwona saa nzima na zaidi imeshapita. Mleta uzi hiyo ni kura yako: kunyimwa.

Fundi Mwanga · #21
Na ni kura yangu pia mkuu. Papa alikuwa ni mwendo wa kamera.

Bi Mdogo wa Ipagala · #22
Na yangu. Alikuwa noti mbili.

Mwalimu wa Zamu · #23
Na miguu tulishaonyeshwa, waogeleaji hawajui.

Ubuyu wa Jioni · #24
Papa mmoja, wajomba wanne wa mahari.

Msafiri wa Manyoni · #25
Mimi nampinga mleta uzi kwenye msingi. Si kweli kwamba milipuko hailiki. Mad Max: Fury Road, 2015. Karibu picha nzima ni magari yanakimbizana jangwani kule Australia, milipuko mwanzo mwisho, na niliiangalia ndani ya basi la Singida nikasahau kushuka Manyoni. Nikashukia mbele huko, nikapanda bodaboda kurudi. Nani kaninyima kitu hapo? Nilipewa mpaka nikapitiliza.

Jiwe la Mlimwa · #26
Pole na nauli. Marekebisho: ni Namibia, si Australia. Walipanga kupiga Broken Hill huko Australia, mvua ikanyesha, jangwa likachanua maua. Jangwa lenye maua haliuzi picha ya mwisho wa dunia, wakahamia Namib.

Zabibu Chungu · #27
Hiyo naielewa kuliko yote. Ni Dodoma ya Desemba. Leo vumbi mpaka kwenye meno, wiki moja ya mvua, mtu akishuka anadhani amekosea mkoa.

Fundi Mwanga · #28
Msafiri umeleta mfano mzuri, na una jibu ndani yake. Mwongozaji wake, George Miller, aliamuru kila shoti kitu cha kutazama kikae katikati ya fremu. Gari liko katikati, mkato, uso uko katikati, mkato, bunduki iko katikati. Jicho halihami. Mhariri ni mkewe, Margaret Sixel, alipewa kama saa 480 za picha zilizopigwa, akatoka na mikato kama 2,700, na Oscar akachukua. Kwa kasi ile, kama kila shoti ingekulazimisha kutafuta kitu kiko wapi, kufikia Manyoni ungekuwa na kichefuchefu, usingesahau kushuka, ungeomba kushuka.

Ile muvi ya helikopta ya mleta uzi naamini ilishindwa hapo. Shoti mia, kila moja jicho linatafuta. Ubongo unachoka, unafungua simu.

Jackie Chan anafanya kwa njia nyingine. Yeye anaiacha kamera mbali, mwili mzima unaonekana, unaona ngumi inatoka wapi inakwenda wapi. Kwenye Police Story ya 1985 anaporuka kwenye nguzo ya taa ndani ya lile duka kubwa akateleza nayo hadi chini, anakuonyesha mara tatu mfululizo kutoka pande tofauti. Kimantiki ni ujinga, mtu haanguki mara tatu. Lakini hakuna aliyelalamika kibandani.

Mkaa Hosteli · #29
Mimi nitawaudhi wote. Niko chuo, UDOM, chumba cha watu wanne. Nimeangalia muvi za aina hiyo ya korido kwenye simu, peke yangu, chini ya shuka, nikasogeza mbele. Ndiyo, nilisogeza mbele. Vidole vilikwenda vyenyewe. Wiki iliyofuata wenzangu wamerudi, tumeangalia ile ile kwenye kompyuta mpakato, wanne kitanda kimoja, tukapiga kelele mpaka chumba cha jirani wakagonga ukuta.

Kamera ni ile ile, kisogo ni kile kile, noti ni zile zile. Kilichoongezeka ni mabega ya watu. Nadhani mleta uzi hakushikwa na mwongozaji, alishikwa na ukimya wa muuza karanga. Alipomwona na yeye kasimama ndipo akaogopa.

Kiti cha Mbele · #30
Halafu babu alisema mkono wake ulikuwa begani kwa mtu. Mh. Hili sina jibu nalo.

Mpenda Kanda · #31
Na kibandani huwezi kusogeza mbele. Rimoti ni ya mwenye banda. Hiyo peke yake ni taharuki.

Kocha wa Kijiweni · #32
Sasa nielezeni hili. Mechi ya watani wa jadi, matokeo nayajua, nimeshalala nayo, nimeshaamka nayo. Jioni narudia kuangalia penalti, bado natokwa jasho. Bomu gani hapo? Ninajua limeshalipuka na limeua nani.

Mwalimu wa Zamu · #33
Kocha hilo swali limewashinda wakubwa. Wapo wanaosema tunapoangalia tunajisahaulisha kwa muda. Wapo wanaosema taharuki haitokani na kutojua mwisho, inatokana na kutamani kuzuia na kushindwa. Mimi niko kundi la pili. Ndiyo maana yule mzee alisema "usiende" kana kwamba atasikika.

Ubuyu wa Jioni · #34
Kocha mlipigwa ngapi vile? 😂

Kocha wa Kijiweni · #35
Uzi huu ni wa filamu, tuheshimiane.

Mama Bahi · #36
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Nyie mnadhani haya mambo yaliletwa na kamera.

Bibi yangu huko Bahi alikuwa anatusimulia usiku, moto uko katikati. Fisi amekuja mlangoni, watoto wako ndani, mama yao kaenda kisimani. Anafika pale fisi anapoweka mguu kwenye kizingiti, bibi anasimama. Anachukua kuni, anaisogeza ndani ya moto. Anapuliza. Anaangalia kama imeshika. Anasogeza nyingine. Anajifuta mikono kwenye kaniki. Sisi tumekumbatiana, hatuongei, tunaangalia ile kuni. Ile kuni ilikuwa ndefu jamani! Halafu anasema, "Enhe, tuliishia wapi?" Na anajua kabisa tuliishia wapi.

Nilipokuwa mkubwa nikagundua moto ulikuwa unawaka vizuri tu. Haukuhitaji kuni.

Fundi Mwanga · #37
Mama shikamoo. Nachukua hiyo.

Mama Bahi · #38
Marahaba. Chukua, ila usimweke mtu anayecheka kwenye shoti ya kuni.

Zabibu Chungu · #39
Haya, mlango.

Jamaa kafika. Kamera ikaacha kisogo chake kwa mara ya kwanza, ikashuka hadi kwenye mkono. Mkono ukagusa mbao. Akasukuma taratibu, mlango ukalia, mwanga ukatoka kidogo kidogo ukamfika usoni. Ndipo tukauona uso wake. Kisha kamera ikageuka kuangalia ndani.

Mbuzi.

Naapa wakuu. Chumba kitupu, dirisha limefunguka, mbuzi kasimama juu ya kitanda anatafuna pazia. Banda likalipuka kwa kicheko. Yule mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka. Muuza karanga akapokea jero yake. Na tukiwa hapo hapo tunacheka, umeme ukakatika. Tukakaa gizani kama nusu saa, haukurudi, tukatawanyika. Mechi nilisikiliza redioni.

Mtoto wa Majengo · #40
MBUZI??? Nimefuatilia uzi siku tatu kwa ajili ya MBUZI?

Jiwe la Mlimwa · #41
Subiri Mtoto wa Majengo, usiondoke. Huyo mbuzi ana ukoo. Mwaka 1942 kuna picha, Cat People, ya Jacques Tourneur, mtayarishaji Val Lewton. Mwanamke anatembea usiku peke yake, kuna anayemfuata, unasikia viatu vya wawili. Kisha viatu vya nyuma vinanyamaza. Anaongeza mwendo. Ukimya. Ghafla kutoka pembeni mngurumo kama wa chui, watu ukumbini wanaruka. Kumbe ni basi limesimama kituoni, breki zake zinatoa upepo. Tangu hapo watu wa filamu, wakiweka mshtuko wa uongo, wanasema wameweka "basi".

Mbuzi wa Chang'ombe ni basi.

Kocha wa Kijiweni · #42
Mabasi yetu hata yakisimama kituoni hayana upepo wa breki. Yana konda tu. Afadhali treni ya SGR, Dar hadi hapa chini ya saa nne na hakuna anayekushtua.

Kiti cha Mbele · #43
Jiwe, kama ni basi, basi kuna kitu kilikuwa kinakuja baada ya mbuzi. Gabbar aliwachekesha kwanza, kisha akawaua. Mnaona? Mleta uzi aliona kicheko, hakuona risasi. Dirisha lilikuwa wazi. Nani alilifungua?

Mwalimu wa Zamu · #44
Si lazima. Hitchcock mwenyewe kwenye Sabotage ya 1936 alimpandisha mtoto kwenye basi na kifurushi cha bomu, akawakamua watazamaji, kisha akaliacha bomu limlipue mtoto. Watu walikasirika, naye baadaye akakiri alikosea. Mbuzi anaweza kuwa ndiye nafuu yenyewe. Umewabana, umewaachia, hadithi inaendelea kwingine.

Fundi Mwanga · #45
Zabibu, nijibu kitu kimoja. Walipomwonyesha mbuzi, kamera ilikuwa ndani ya chumba au bado mlangoni?

Zabibu Chungu · #46
Mlangoni. Jamaa hakuingia. Alikuwa anacheka amesimama kwenye kizingiti, sisi tunamwona mgongo tena.

Fundi Mwanga · #47
Walirudi kwenye kisogo? Wakati anacheka?

Zabibu Chungu · #48
Eeh.

Fundi Mwanga · #49
Basi mimi ningekuwa na ule umeme nisingeendelea kucheka.

Babu Kongwa · #50
Korido iko nyuma yake.

Bi Mdogo wa Ipagala · #51
Jamani mimi niko peke yangu nyumbani leo.

Mtoto wa Majengo · #52
Zabibu, mkanda unaitwaje? Nautafuta sasa hivi.

Zabibu Chungu · #53
Sijui jina, nilikuta umeanza. Leo nimempitia mwenye banda, naye halijui, aliupata kwenye flashi ya mtu pamoja na muvi nyingine mia. Kasema anarudia Ijumaa saa mbili usiku, jero. Umeme ukiwepo.

Msafiri wa Manyoni · #54
Nakuja na basi. Mnishtue nikifika Dodoma nisije nikapitiliza.